Barua ya wazi kwa wachapishaji: Sahihisheni ukurasa wa Wayahudi wa Rhodes

Kwa Mkurugenzi Mtendaji na Bodi ya Wahariri,
Kampuni ya uchapishaji wa vitabu vya shule na marejeo.

YAH: MAKOSA KATIKA UKURASA UNAOHUSU WAYAHUDI WA KISIWA CHA RHODES

Waheshimiwa,

Salaam. Naandika hadharani kwa sababu njia ya faragha imegonga mwamba. Nilianza kama inavyotakiwa: barua kwa mhariri, kisha simu, kisha barua nyingine yenye nakala kwa mkurugenzi. Nilijibiwa kwa adabu kwamba suala langu litafanyiwa kazi. Baadaye kitabu kikachapwa upya, kikavishwa jalada jipya, na ukurasa ule ukarudi vilevile, nukta kwa nukta. Jina la kampuni yenu nimeliacha nje kwa makusudi, maana sina ugomvi na biashara yenu. Vitabu vyenu nimefundishia miaka mingi na vingine nimewashauri walimu wenzangu wavinunue. Ninyi mnajijua, na ukurasa ninaousema mnaujua.

Umo katika sura ya dini na jamii za dunia, una aya chache na picha moja. Kwa ufupi unasema hivi: Wayahudi walifika Rhodes, kisiwa kilichopo leo Ugiriki, karibu na pwani ya Uturuki, baada ya kufukuzwa Hispania mwaka 1492, waliishi kwa amani na majirani zao karne zote, mwaka 1944, kutokana na shida za vita, wengi wao walihamia Ulaya bara, na sinagogi lao sasa ni makumbusho. Basi.

Mwanafunzi akisoma aya hizo atafunga kitabu akiamini amesoma habari za watu waliobadilisha makazi. Hapo ndipo ulipo uzito wa malalamiko yangu. Mengine ni makosa ambayo mhariri makini angeyarekebisha kwa asubuhi moja, lakini hilo la mwaka 1944 ni uongo juu ya watu waliouawa. Na umechapwa kwa Kiswahili, lugha ambayo ndugu zao wa damu waliizungumza kila siku kule Katanga, kusini mwa Kongo, dukani na sokoni. Naomba mnivumilie niyataje moja baada ya jingine.

1. Mwanzo wa jumuiya

Msomaji wa Biblia anakijua kisiwa hiki kwa jina la Rodo; Mtume Paulo alipitia hapo, na safari hiyo imo katika Matendo ya Mitume, sura ya 21. Wenye Biblia za Kikatoliki wafungue Kitabu cha Kwanza cha Wamakabayo, sura ya 15. Rodo na jirani yake Kosi zimo katika orodha ya mahali Warumi walikopeleka barua ya kuwatetea Wayahudi, karne ya pili kabla ya Kristo. Karne ya 12, msafiri Benjamin wa Tudela alipita Rhodes akaandika kwamba amekuta Wayahudi wapatao 400.

Baadaye kisiwa kilishikwa na wanajeshi watawa wa Shirika la Mtakatifu Yohana. Waturuki walipouzingira mji mwaka 1480, Wayahudi walikuwa miongoni mwa walioulinda. Shukrani waliyoipata ni amri ya mwaka 1502: wabatizwe au waondoke. Jumuiya ikavunjika. Ni baada ya Sultani Suleiman kuuteka mji mwaka 1522 ndipo Wayahudi walipokaribishwa tena, wengi wakitokea Thessaloniki, wao na wazee wao wakiwa ni wakimbizi wa Hispania. Walikuja na Kihispania chao cha Kiyahudi, Ladino, na wakakizungumza kisiwani hapo kwa zaidi ya miaka 400.

Kwa hiyo mwaka 1492 ni sehemu ya habari, lakini si mwanzo wake. Mkianzia hapo mnafuta zaidi ya miaka 1,600 ya watu kuwapo, na mnaificha amri ya 1502, ambayo ndiyo inayomweleza mwanafunzi kwa nini jumuiya ilibidi ijengwe upya.

2. Hiyo amani ya karne zote

Utawala wa Uthmaniya, yaani dola ya Waturuki, uliwapa Wayahudi wa Rhodes miaka mingi ya utulivu, na ni haki kusema hivyo. Lakini mwaka 1840 mtoto wa Kikristo alipotea, na Wayahudi wakashutumiwa kwamba wamemuua kwa ajili ya ibada, ule uzushi wa kale uliokwisha kuwatoa roho watu wengi Ulaya. Mtaa wao ulifungwa kwa siku 12, chakula hakiingii. Watu wakakamatwa na kuteswa ili wakiri. Mahakama ikawaona hawana hatia, mtoto mwenyewe akaja kuonekana yu hai katika kisiwa cha Syros, na mwezi Novemba mwaka huohuo Sultani Abdulmecid akatoa tamko rasmi la kuukana uzushi huo katika dola yake yote.

Kwa mwalimu hilo ni somo zima la jinsi uvumi unavyofanya kazi na jinsi mtawala anavyoweza kuuzima. Mmelitupa ili muweke sentensi moja tamu.

3. Mwaka 1944

Hapa naomba msome polepole.

Italia iliitwaa Rhodes kutoka kwa Waturuki mwaka 1912. Miaka ya mwanzo haikuwa mibaya. Wayahudi walikuwa zaidi ya 4,000, wakiishi hasa katika mtaa waliouita La Juderia, ndani ya ngome, upande wa bandari. Na mwaka 1928 kikafunguliwa chuo cha kufundisha marabi. Kisha mwaka 1938 zikaja sheria za ubaguzi za Mussolini. Chuo kikafungwa. Waliohamia kisiwani baada ya mwanzo wa 1919 wakaamriwa kuondoka. Watoto wakafukuzwa shule, na mmoja wao ni Sami Modiano, wakati huo akiwa na miaka minane. Mwenye ndugu Afrika au Marekani na nauli mkononi akaondoka. Vijana wengi walikuwa wametangulia zamani kutafuta riziki, kwa hiyo waliobaki wengi wao walikuwa wazee, kina mama, watoto na watu wa kipato kidogo.

Septemba 1943 Italia ilisalimu amri, na Wajerumani wakakishika kisiwa. Mwanzoni mwa 1944 ndege za Waingereza zikilenga bandari zikaupiga na mtaa wa Wayahudi uliokuwa ubavuni mwake. Watu wakafa, na sinagogi kuu, Kahal Gadol, likabomoka.

Julai 18 mwaka huo wanaume Wayahudi wakaamriwa kufika katika jengo lililokuwa la jeshi la anga la Italia, waje na vitambulisho na vibali vyao vya kazi. Walidhani wanapangiwa kazi. Walipokwisha kuingia, hawakutoka. Kisha wakaitwa wake na watoto, wakiambiwa wasipokuja waume zao watauawa, na wabebe dhahabu, vito na fedha zao. Wakaja. Julai 23 wakatembezwa hadi bandarini huku ving'ora vya hatari vikilia, ili wakazi wengine wajifungie ndani. Wakapakiwa katika matishari ya mizigo, kwenye jua la Julai, maji ya kunywa hakuna ya kutosha. Njiani wakachukuliwa pia Wayahudi wa kisiwa jirani cha Kos, kama 100 hivi. Wakafikishwa Piraeus, bandari ya Athens, wakafungwa katika kambi ya Haidari, na Agosti 3 wakaingizwa katika mabehewa ya ng'ombe. Treni ilifika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi huko Poland, Agosti 16.

Kutoka Rhodes peke yake walichukuliwa watu zaidi ya 1,600. Waliotoka hai kambini ni 151.

Sami Modiano alifika Auschwitz na baba yake Giacobbe na dada yake Lucia. Akabaki yeye. Ndivyo "wengi wao walivyohamia Ulaya bara".

Na kama mlitaka jambo la kumtia mwanafunzi moyo, lipo katika habari hiihii. Selahattin Ülkümen, balozi mdogo wa Uturuki Rhodes, Mwislamu mwenye umri wa miaka 30, alimwendea jenerali wa Kijerumani akamtaka awaachie raia wa Uturuki. Akawahesabia humo na watu ambao uraia wao ulikwisha kupotea au haukuwahi kuwapo, akidai kwamba kwa sheria ya nchi yake aliyeoa au kuolewa na Mturuki ni Mturuki. Akawatoa watu 40 na ushei. Baadaye mabomu yakaangukia nyumba ya ubalozi. Mkewe, aliyekuwa mjamzito, akajeruhiwa, akajifungua na kufariki. Mwaka 1989 Yad Vashem, taasisi ya Israel ya kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa na Wanazi, ilimtambua Ülkümen miongoni mwa wenye haki wa mataifa, yaani watu wasio Wayahudi waliohatarisha maisha yao kuwaokoa Wayahudi. Naye mufti wa Rhodes, Sheikh Süleyman Kaşlıoğlu, alilificha msikitini gombo la Torati la jumuiya, gombo la kale sana, na likasalimika. Nimefundisha madarasa yenye watoto wa Kiislamu na wa Kikristo waliokaa dawati moja. Nawahakikishieni, hakuna aliyesinzia nilipowasimulia ya mufti yule.

4. Sinagogi si makumbusho

Picha yenu ni ya Kahal Shalom, na maelezo chini yake yanasema ni makumbusho. Kahal Shalom lilijengwa mwaka 1577 na ndilo sinagogi la zamani kuliko yote yanayotumika Ugiriki. Zamani mtaa ule ulikuwa na masinagogi kadhaa. Hili ndilo lililobaki limesimama.

Angalieni picha yenu wenyewe kwa makini. Sakafu yote ni kokoto za baharini, nyeusi na nyeupe, zilizopangwa moja moja kwa mkono hadi zikafanya mapambo. Katikati kuna jukwaa la kusomea Torati, kama ilivyo desturi ya Wayahudi wa asili ya Hispania, na waumini huketi kulizunguka. Ukutani, kila upande wa mlango unaoelekea uani, kuna kabati la kuwekea magombo, yaani makabati mawili, ambapo masinagogi mengi yana moja tu. Uani kuna bomba la maji walikonawia mikono makuhani kabla ya kuwabariki watu. Wanawake hapo zamani walikaa vyumba vya ubavuni na kuifuata ibada kupitia uwazi wa ukutani. Roshani yao ya juu ilijengwa miaka ya 1930, yaani ilitumika kwa muda mfupi mno kabla wenyewe hawajachukuliwa.

Makumbusho ni hivyo vyumba vya pembeni, vilivyofunguliwa mwaka 1997 kwa juhudi za Aron Hasson, mwanasheria wa Los Angeles ambaye babu na bibi zake walitoka Rhodes. Ukumbi wenyewe ni nyumba ya ibada. Jumuiya iliyopo leo ni ya makumi machache tu ya watu, lakini ipo, na majira ya joto wajukuu hurudi kutoka mabara mbalimbali kusali na kuoana hapo. Kuwaita makumbusho ni kuwazika na hao waliobaki.

5. Ukimya wenu kuhusu Afrika

Hili ndilo linaloniuma zaidi kama mzaliwa wa Lubumbashi.

Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 vijana wa Rhodes walishuka hadi Katanga na Rhodesia ya wakati huo, yaani Zambia na Zimbabwe za leo. Mmoja alifungua duka, akamwita mdogo wake, mdogo akamwita binamu. Majina ya Alhadeff, Hasson, Israel, Soriano, Benatar na Franco yalisomeka kwenye vibao vya maduka ya Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, kama yalivyosomeka La Juderia. Mjini kwetu sinagogi lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1920, na bado limesimama. Rabi Moïse Levy, aliyetoka Rhodes, alifika mwaka 1937 akahudumu Kongo kwa zaidi ya nusu karne. Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana wa Katanga, ni mtoto wa mama Mkongomani na wa Nissim Soriano, Myahudi aliyetoka Rhodes. Na Sami Modiano, niliyemtaja hapo juu, baada ya vita alikuja kuishi Kongo.

Babu yangu mzaa mama alipima vitambaa katika duka la mmoja wao. Alitumia mita ya mbao iliyolika ncha kwa kushikwa, na alikuwa akitueleza jinsi bwana yule alivyobishana bei na wateja kwa Kiswahili, akaandika daftari kwa Kifaransa, na kuhesabu fedha kwa kunong'ona kwa Kihispania. Baada ya vita, alisema babu, ilikuja barua. Duka halikufunguliwa siku kadhaa. Wafanyakazi waliambiwa tu kwamba kule kisiwani hakuna tena mtu wa kuandikiwa.

Mimi nilikuja kuelewa ukubwa wa jambo hilo nilipoanza kusoma historia. Familia zile zilikuwa zimeokoka kwa sababu moja, nayo ni kwamba zilikuwa Afrika. Ndugu waliobaki kula matunda ya nyumbani ndio waliopandishwa matishari. Kisha vurugu za uhuru mwaka 1960, na hatua ya Mobutu ya mwaka 1973 ya kutaifisha biashara za wageni, zikawafanya wengi waondoke Katanga kwenda Ubelgiji, Afrika Kusini na kwingineko. Hao ndio waliohama, waheshimiwa. Walifunga mizigo, wakaaga majirani, wakapanda ndege. Ninyi mmewachanganya na wenzao waliopelekwa kuuawa.

Kitabu cha Kiswahili kinachoandika habari za Rhodes bila neno moja kuhusu Lubumbashi kimeandikwa kana kwamba wasomaji wake hawana uhusiano wowote na habari hiyo. Wanao. Wapo wazee Katanga wanaowakumbuka watu hawa kwa majina.

Sasa nigusie majibu ambayo tayari nimepewa, na mengine ninayoyatazamia.

Niliambiwa nafasi ni ndogo. Hapa chini nimewaandikia aya inayotosha katika nafasi ileile.

Niliambiwa kwamba chanzo chenu ni kijitabu cha watalii. Kijitabu cha watalii kazi yake ni kumwonyesha mgeni njia ya kwenda ngomeni. Kitabu cha shule kina wahariri, na majina yao yamechapwa ukurasa wa ndani.

Mmoja wenu alinidokeza kwa sauti ya chini kwamba siku hizi habari za Wayahudi zina moto, na kampuni isingependa kuonekana imeegemea upande katika mambo ya Mashariki ya Kati. Namheshimu kwa kusema waziwazi anachokihofia. Lakini washona viatu, wachukuzi wa bandarini, wauza nguo na watoto wa shule wa La Juderia mwaka 1944 hawakuwa upande wa mgogoro wowote wa leo. Msomaji mwenye msimamo wowote kuhusu Israel na Palestina ana haki ya kujua yaliyotokea Rhodes. Nyamazeni kuhusu siasa za leo mkipenda, hilo ni juu yenu. Kuandika kwamba waliouawa walihama si kunyamaza.

Na kama mtasema kitabu kimekwisha kuchapwa, kila mchapishaji anajua karatasi ya masahihisho ni nini na jinsi inavyobandikwa.

Kwa hiyo naomba mambo yafuatayo:

Kwanza, karatasi ya masahihisho ichapwe na kupelekwa kwa wauzaji na shule ambazo kitabu kimekwisha kuwafikia, kabla ya muhula wa Januari.

Pili, toleo lijalo liandike upya ukurasa wote, na mswada wake usomwe na mtu wa jumuiya yenyewe ya Rhodes au wa makumbusho yake. Wanajibu barua. Mimi walinijibu.

Tatu, maelezo ya picha yabadilishwe yasomeke: "Sinagogi la Kahal Shalom, lililojengwa mwaka 1577, bado linatumika kwa ibada."

Nne, aya ya mwaka 1944 iondolewe na badala yake iwekwe hii, au nyingine isemayo kweli hizihizi: "Julai 1944 Wanazi waliwakamata Wayahudi wa Rhodes, zaidi ya 1,600, na kuwapeleka kwa matishari na treni hadi Auschwitz, ambako karibu wote waliuawa au kufa. Walionusurika ni 151. Balozi mdogo wa Uturuki, Selahattin Ülkümen, aliwaokoa zaidi ya 40 wasipelekwe. Wengine walikuwa wamehama kabla ya vita, na wengi wao waliishi Katanga na Rhodesia, ambako walijenga masinagogi na kuzungumza lugha za wenyeji."

Sidai fidia wala kuandikwa jina langu popote. Barua hii nimeipeleka pia kwa walimu wa historia ninaowafahamu Kigoma, Kalemie na Lubumbashi, na nimewaomba waisome darasani pamoja na ukurasa wenu mpaka utakaposahihishwa. Jibu lenu, likija, nitalisambaza kwa walewale bila kupunguza neno.

Wenu katika kazi ya elimu,

Mwalimu mstaafu wa historia,
mzaliwa wa Lubumbashi, mkazi wa Kigoma.